Hesabu Nne, Inua

Jumapili, Idarusi bado amelala,
natandika magazeti kando ya sinki,
ya wiki jana, yenye matangazo ya mazulia,
na kufungua kile kichupa.
Harufu ya spiriti inapanda puani
hadi nyuma ya macho.
Nafungua dirisha. Baridi ya Walsall inaingia bila hodi.

Vipande ni ishirini na sita,
nimevinunua kwa uzito, mabaki ya kiwanda cha matandiko ya farasi:
vingine upana wa kidole gumba, vingine umbo la ulimi.
Nitavitoboa, nivitie pete, viwe vishikizo vya funguo,
pauni tatu kimoja, viwili pauni tano,
sokoni, Jumamosi, mvua ikikubali.

Mara ya kwanza nilipaka kwa brashi.
Juu kukapendeza. Nikakata kimoja katikati:
moyo mweupe, kama muhogo.
Nikasema basi, nitachovya,
kama shangazi Mwanamvua alivyochovya ukindu,
sufuria ya zambarau, sufuria ya kijani,
na vidole vyake mwezi mzima vikikataa sabuni.

Nikachovya. Nikaviacha vilowe,
nikaenda kukunja nguo.
Vilikauka vigumu kama ukoko,
vyeusi pembeni, vikiambukiza rangi
kila kilichovigusa: meza, taulo, shati la shule.

Jumatatu nikaenda kazini na kucha hizi.
Bi Beryl Hodgkiss, chumba cha tisa,
ambaye huniita Joyce, na siku nyingine haniiti kitu,
alinishika mkono nikimfunga vifungo vya sweta.
Akaugeuza. Akaunusa.
"Damu ya ng'ombe," akasema,
na kweli ndilo jina lililoandikwa kwenye chupa.
"Tena umeiloweka. Ile si chai, binti."

Miaka thelathini na mmoja alishona hatamu.
Sasa hajui ni mwezi gani,
na mumewe, marehemu, bado humwekea kijiko.
Lakini vidole viwili vilinyanyuka
vimebana kitu kisichokuwepo,
vikakishusha hewani:
moja, mbili, tatu, nne, inua.
"Kwanza uilowanishe kwa sponji. Ngozi kavu ina pupa."
Akashusha tena. Moja, mbili, tatu, nne.
Uji wake ukapoa. Nami nikachelewa chumba cha kumi.

Kwetu husema, ngozi ivute ingali maji.
Nilidhani ni maneno ya kutuamsha twende chuoni.
Kumbe aliyeyasema kwanza
alikuwa ameshika ngozi.

Basi leo, sponji. Kipande kinabadilika,
rangi ya biskuti, rangi ya mchanga.
Koleo. Chini. Nahesabu kwa sauti,
na bila kukusudia nahesabu kwa lafudhi yake.
Inua.

Chupa ni moja, hesabu ni moja,
lakini hiki cha tumboni kimekunywa kikalewa,
cha mgongoni kimeonja tu,
na kile chenye mchirizi wa kovu,
pengine waya wa malisho, pengine pembe ya mwenzake,
kovu limebaki jeupe.
Hicho sitakiuza.

Navitundika kwa vibanio juu ya bafu.
Mlango unafunguka nyuma yangu, usingizi umemvimbisha mashavu:
"Mama, nani amekufa?"
"Hakuna. Kojoa uende ukalale."

Jioni vimepauka, kama vyote vikaukavyo.
Mafuta kidogo, nta kidogo, vinarudi kuwa wekundu wa ndani,
na nakata kimoja kujaribu:
damu ya ng'ombe hadi moyoni.

Chenye kovu nakisugua zaidi ya vingine,
kisije kikamchafua mtu sweta yake.
Chumba cha tisa hakina ufunguo,
na nyumba yake ya zamani iliuzwa na watoto.
Sijui atakitia nini.
Nasugua. Nageuza kitambaa kutazama.
Bado chekundu.
Nasugua.