Mraba

Kosa lilikuwa langu, nalikiri.
Bango la futi nane, nyekundu juu ya krimu,
mkahawa wa Bi. Seo, Hurlingham, nyuma ya duka la dawa.
Alinipa karatasi. Nikaiga, kama ninavyoiga kila kitu
hapa Barabara ya Kirinyaga: springi, betri, kinyozi, wakili.

Ila mkono una kumbukumbu zake.
Miaka tisa nyuma nilimwandikia Mjapani wa Westlands,
naye akanionyesha mraba: huu, alisema, ni "ro".
Basi nilipouona kwa Bi. Seo nikausoma "ro" moyoni,
nikaung'oa kwa wenzake,
nikaupa nafasi kushoto na kulia
kama mwenye ploti.

Bi. Seo alitazama. Hakugomba.
Alifumba midomo, akaigusa kwa kidole:
"Mmm."
Mraba wao ni mdomo uliofungwa.
Kisha akaniamuru niseme "na",
ulimi ukapanda nyuma ya meno,
naye akachora hewani ulivyojikunja.
"Ga": shina la ulimi likaziba koo. Akachora hilo pia.
Nina miaka hamsini na mitatu.
Nimeandika "Mungu Mbele" kwenye malori yasiyo na idadi,
na sikujua ulimi wangu hufanya nini humo gizani.

Herufi zao hazipangi foleni kama zetu.
Hukaa mbili, tatu, katika chumba kimoja,
kama sisi tulivyoanza maisha Kayole.
Mjapani yeye ni ba-be-bi-bo-bu ya darasa la kwanza,
kila silabi na nyumba yake.
Lakini wape jina la mji huu,
na, i, ro, bi:
huyu vyumba vinne, yule nyumba nne.
Nilihesabu mara mbili, brashi mdomoni.

Deeqa, auzaye vioo vya magari mlango wa pili,
alitaka kujua kama ni ndugu.
Wanaojua bado wanabishana, Bi. Seo alisema.
Wote hukiweka kitenzi mwisho;
utangoja sentensi nzima ipite
ndipo ujue mtu amekubali au amekataa.
Na ahadi, huku yaksok, kule yakusoku,
neno la Mchina, wamelikopa wote.
"Kama kitabu," Deeqa akasema. "Sisi kitaab, nyinyi kitabu,
na Mwarabu hajaja kudai."

Tulicheka wawili.
Mama yake, Bi. Seo alisema, akiangalia bango si sisi,
hakutaka kusikia habari ya kufanana.
Enzi Wajapani wanatawala, shuleni,
alimwita mwenzake kwa lugha ya nyumbani
akachapwa viganja. Hata uzeeni
alikifahamu Kijapani chote
na hakukijibu.

Shingo yangu ikaanza kuwasha.
Kathiani, darasa la nne, nilivishwa kibao chenye kamba
kwa kusema "kĩw'ũ" nilipotaka maji.
Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza
na mwandiko, wallahi, ulikuwa mzuri.
Siku nzima niliusoma kichwa chini miguu juu.
Nadhani ndiyo siku nilipoipenda kazi hii.
Sijawahi kumwambia mtu.

Niliukwangua mraba kwa msasa.
Nikaurudisha: mmoja chini ya chumba cha kwanza, kama msingi,
wa pili mlangoni mwa chumba kinachofuata.

엄마

"Unajua umeandika nini?" Bi. Seo akauliza.
Sikujua.
"Mama."
Nikalijaribu polepole, lake, halafu la Kiswahili,
halafu lile la kwetu, mwaitu,
na kila mara, kabla sauti haijatoka,
midomo ilifunga.

Akalipa rangi ikiwa mbichi.
Akakata shilingi mia tano za lile kosa.