Ya Kumi

Magazini inabeba kumi.
Ubavuni ina vitundu vya kuhesabia,
vimepangwa kama vifungo vya koti la kanisani.
Baba alitia tisa.

Jumapili baada ya misa, hapo Butte, Montana,
tulikwenda kwenye shimo la changarawe lililoachwa,
makopo ya maharage juu ya gogo la msonobari,
theluji ya Mei bado imeng'ang'ania kivulini.
"Vuta kitufe chini kwa gumba," aliniambia,
"springi ikilegea, laza risasi.
Ukingo wa hii mbele ya ukingo wa ile."
Vyenyewe vidogo, vyepesi kama punje za mahindi,
na kila kimoja kina pindo kitakoni;
humo ndimo cheche imeshonewa,
si katikati kama kwa wakubwa zao.
Pindo likinasa nyuma ya mwenzake, bastola hukwama,
na hapo hasira haisaidii, wala sala.

Nilihesabu kwa sauti. Saba. Nane. Tisa.
Kisha chuma cha juu kilibaki nyuma, mdomo wazi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Boksi lina hamsini.
Tisa mara tano, arobaini na tano.
Tano zilizosalia zilikwenda kwenye kopo la kahawa,
kila Jumapili tano,
haba na haba, na kibaba hakikujaa.

"Kwa nini tisa?"
"Springi huchoka, Danica. Ipumzishe."
Springi niliibadilisha mwenyewe mwaka niliomaliza shule,
mpya, ngumu, inanukia mafuta.
Alitia tisa.

Dukani kwa Trengove wanaume walibishana juu ya kaunta:
huko majimbo ya pwani sheria imesema kumi, basi;
mmoja akasema kumi ni tusi,
mwingine, ambaye mwanawe alizikwa Machi,
akasema hata moja ni nyingi, akatoka bila chenji yake.
Baba alisubiri zamu.
Boksi moja, tafadhali. Na betri za redio.

Jirani yetu Stanisich ana jibu lake:
"Ni gumba tu! Lilipondwa na toroli la mgodini.
Ya kumi ndiyo ngumu kusukuma, ilimuuma,
naye Luka Vukelich angekiri maumivu lini?"
Akacheka mpaka akakohoa,
kohozi lile lile la vumbi la shaba
ambalo wote wa mtaa ule walirithiana.

Mama hakusema kitu miaka yote.
Ila jioni baada ya mazishi, anakoroga kabichi,
mgongo kwangu:
"Kwenye kizimba cha lifti walishuka kumi."
Akaonja chumvi. Akaongeza.
Sikumwuliza walipanda wangapi.
Labda ningeuliza. Mvuke ulikuwa umejaa dirisha,
na watu walikuwa wakigonga mlango na masufuria ya chakula.

Kopo nililibeba kwa mikono miwili.
Usiku mmoja nilizimwaga mezani, nikaanza kuzihesabu
kwa mafungu, kama anayetafuta deni;
nilifika elfu moja mia tatu na kitu,
mtoto akaamka, hesabu ikapotea.
Sikuanza upya.

Nikachukua magazini yake.
Tisa ziliingia kwa urahisi, zinajua njia.
Ya kumi niliisukuma; springi ikakataa, ikakataa,
ikakubali kwa mlio mdogo, tk.
Ilikaa vizuri. Haikukwama kitu.
Pindo mbele ya pindo, zote kumi, zimetulia.
Niliiangalia kitambo
kisha nikaitoa kwa ukucha,
nikaitia mfuko wa suruali, nikalala.

Jumanne niliisikia ndani ya mashine ya kufulia,
inagonga kioo,
ko,
ko,
katikati ya soksi za watoto.