Chaneli Namba Moja

Gocha ameweka vifyatulio vitatu juu ya meza ya kioo,
kavipanga kama daktari anavyopanga vyuma vyake,
kisha kawasha sigara aliyoipiga marufuku mwenyewe humu dukani.
"Chagua, Lamzira. Theluji inashuka, nataka kufunga."
Kutaisi, saa kumi na moja jioni.

Hiki cha kwanza hakina redio, kina jicho tu.
Kikiona mwanga wa mwenzake, nacho huwasha.
Chumbani ni kitiifu;
nje, juani, kipofu.
Na harusini? Harusini kila shangazi ana flashi yake.
Shangazi mmoja akiipiga picha keki
taa zangu zote huitika "naam!"
na ninapozihitaji mimi, bado zinahema.

Cha pili nakijua. Ninacho,
kimefungwa utepe mweusi ubavuni
tangu kifuniko cha betri kilipovunjika ubatizoni kwa Shorena.
Ukikaa dakika tatu bila kubonyeza, husinzia,
na picha ya kwanza baada ya usingizi ni giza tupu.
Basi nimezoea kukiamsha kwa picha ya sakafu.
Nyumbani nina albamu nzima ya kiatu changu cha kushoto, gizani.

Cha tatu Gocha hakitaji bei.
Anakigeuzageuza. Ana skrini ya kunionyesha, ana makundi ya taa,
hii ipunguze, ile iongeze, nawe umesimama palepale,
hukimbilii mwavuli, humkanyagi mtu gauni.
Shata iende kasi itakavyo,
ule ukanda mweusi hauonekani tena chini ya picha
kama pazia lililokwama.
"Bei," nasema.
Anaitaja akitazama dirishani.
Kodi ya chumba changu, miezi miwili.

Nami nakumbuka Februari, kumbi mbili, ukuta mmoja,
mlango wa kati umeachwa wazi kwa ajili ya joto.
Mama yake Nestan, miaka kumi na moja Thesaloniki
akiwaogesha wazee wa watu,
akaingia bila kutangazwa, koti mkononi.
Bibi harusi akageuka.
Nikabonyeza.

Giza.

Taa yangu ilikuwa imekwisha kuwaka,
nukta moja kabla, na si mimi niliyeiita.
Ng'ambo ya mlango, kwenye harusi ya jirani, alikuwa Badri,
kifyatulio kama changu,
chaneli namba moja kama yangu,
vilevile kilivyotoka kwenye boksi.
Mvivu kakutana na mvivu, hewani.

Wiki mbili baadaye akanitumia picha.
Mbele, mzee wa kwao kainua glasi, mdomo wazi.
Nyuma ya kiwiko chake, mlangoni, wadogo kama ukucha,
mama na binti,
na mwanga juu yao ni wangu, naujua,
niliupima mwenyewe kwa hatua nne kutoka ukutani.
Nestan aliikuza mpaka ikafanya chembechembe kama unga.
Ndiyo iliyo sebuleni kwao.
Zangu mia saba zimo kwenye bahasha.

Gocha hapendi hadithi hii. Anasema haiuzi.

Nampa nusu ya fedha, nusu nyingine tuiite Aprili.
Anaingiza betri, ananiuliza chaneli gani.
"Kumi na tisa," nasema. Halafu, "Hapana. Subiri."
Halafu tena, "Kumi na tisa."
Anainua taa ya majaribio, anageuza uso.
Nabonyeza.

Inawaka. Na juu ya rafu, kati ya kamera kuukuu,
taa nyingine tuliyoisahau, ile yenye jicho,
nayo inaitika,
ikimwanika Gocha, sigara nyuma ya mgongo,
na dirishani theluji imesimama kabisa,
punje moja moja.