Neno la Magoti

Bibi Malsun alilitumia kama mwiko mmoja
kwa kila chungu.
Aigo, akiinuka, magoti yakilia kama bawaba.
Aigo, pilipili imeshuka bei tena
sokoni Yeongyang, na dalali hana haya.
Paka kaondoka na samaki: aigo.
Kaka yangu karudi kutoka jeshini, kanenepa,
aigo, aigo, huku akimpiga mgongoni
kama anayekung'uta godoro.

Mimi mtoto nikadhani ni pumzi tu,
kama mwingine anavyokohoa.

Kisha Babu akaanguka kati ya matuta,
mwezi wa nane, kofia bado kichwani.

Ukumbini, nyuma ya hospitali,
mjomba Giho akatupanga kwa daftari la ukoo:
watoto wa marehemu walie aigo,
wa mbali walie oi.
Kila kilio na mlango wake.
Baba, fundi wa lifti, mtu wa maneno manne kwa siku,
akainama, akalisema.
Mara ya kwanza likamgonga jino kama kokoto,
mara ya tatu likamfungua.
Binamu wa Daegu alikosea, akalia kilio cha watoto;
hakuna aliyemsahihisha.

Bibi peke yake alinyamaza.
Siku tatu. Supu ikaganda mafuta mbele yake.
Wanawake wakanong'ona: amelimaliza.
Miaka hamsini na sita
akilitapanya kwa paka na magoti,
leo ghala tupu.

Tukamrudisha nyumbani.
Kando ya mlango, buti za Babu,
tope la Jumanne limekauka visiginoni.
Akazigeuza ncha zitazame nje,
tayari kwa asubuhi,
kama alivyofanya kila usiku.
Kisha akakaa sakafuni, taratibu, mkono kwenye goti:

aigo.

Dogo. Lile lile la kila siku.
Sisi tuliosimama na mifuko ya mabaki ya matanga
tukashindwa kuitua.

Usiniulize maana. Kamusi yangu ya shule
iliandika: uchungu, uchovu, furaha, mshangao,
ikaweka mkato katikati,
kana kwamba ni vitu vinne.

Jana nimeinama kuokota kitunguu chini ya meza,
miaka thelathini na tisa, magoti mazima,
likanitoka.
Mwanangu akainua kichwa kwenye hesabu zake:
"Mama, umeumia wapi?"

Nikabaki nimechutama, kitunguu mkononi,
nikipatafuta.