Daftari la Mvua

Baba aliacha daftari moja, jalada jeusi, mgongo mwekundu,
na kopo la shaba lenye mistari ubavuni.
Karani wa mizani, shamba la mkonge, Kigombe:
saa tatu kasoro robo, kabla hajagusa chai,
alilichungulia kopo kama achunguliaye chungu cha jirani,
kisha akaandika. Wino wa buluu. Milimita.
Siku kavu aliichorea kistari.
Siku ya manyunyu yasiyopimika aliandika: tone.

Nimelifungua leo, sahani ya dagaa kando.
Aprili ya mwaka aliozaliwa dada: arobaini na mbili,
thelathini, sitini na moja,
na chini yake, kwa mkono wa haraka:
Daraja limekwenda. Mtoto wa kike. Mwanamvua.
Ndivyo tulivyopewa majina,
mbingu nayo ikiwa na kiti kwenye kikao cha ukoo.
Wajukuu zake wanaitwa Brayani na Glori.
Simlaumu mtu. Ungewaita nani?
Kistari?

Mambo yako pembeni, upande wa kushoto.
Msitu wa juu umefyekwa hadi mtoni. Mkonge.
Kuni za boila zimelowa, korona imesimama.
Tanuri tatu za chokaa zawaka ufukweni,
mikoko chini, matumbawe juu. Moshi hadi ofisini. Nimekohoa.
Hakuyaunganisha. Karani hupima;
kujumlisha ni kazi ya wakubwa.
Moshi aliuweka kushoto, mvua kulia,
na kati yake mstari mwekundu
uliochapwa na kiwanda cha madaftari.
Mimi ndiye ninayeuvuka, kwa kidole, polepole.

Wenye moshi mkubwa hawamo humu.
Kamba zetu zilifunga ngano yao,
na mabomba yao yakapumua miaka mia na zaidi
bila kuomba hata nukta kwenye daftari la Kigombe.
Hilo liandikwe.
Lakini nisijitoe kama unywele kwenye unga:
ada ya Shekue, chuo cha ufundi,
niliilipa kwa mkaa, magunia kumi na manane,
mkwaju wa nyuma ya choo
na miti mingine isiyokuwa yangu.
Haya niliyoona haikuotesha kivuli.

Mwanamvua analima mwani. Kamba, vigingi, maji ya magoti.
Miaka ya kwanza ulinona, akaezeka bati.
Mwaka huu maji yana homa:
mwani unapauka, unalegea,
unakatika mkononi kama nywele za mgonjwa.
"Wamechemsha bahari," aniambia akikamua kanga,
"na sisi ndio tuliomo chunguni."
Kisima cha msikiti kimeonja chumvi;
watu wanatoka kwenye udhu wakilamba midomo.
Vuli ilifika Januari,
ikanyesha usiku mmoja yote iliyodaiwa,
ikaangusha ukuta wa darasa la nne
na kuondoka bila kuaga.

Kurasa za mwisho za Baba, mkono ushaanza kutetemeka:
kistari, kistari, kistari, tone, kistari,
kama mtu anayeshona kitu kilichochanika
na uzi haumtoshi.

Kopo nililikuta kwa Mwanamvua, analipimia mchele.
Tuligombana kidogo.
Nimelirudisha juu ya nguzo yake, limebonyea upande,
na leo, saa tatu kasoro robo, nimelichungulia:
mdudu mmoja, mkavu.
Wino wa buluu sina; nimetumia kalamu ya Glori, ya zambarau.
Kulia nimechora kistari.
Kushoto, pale pa moshi, nimeandika:
magunia kumi na manane.
Kisha nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.