Chai ya Saa Kumi na Mbili

Tulibonyeza kengele dakika kumi na moja.
Mvua ya Llanelli haina adabu, huingia hadi soksini.
Gethin akagonga dirisha la jikoni kwa tochi,
ndipo akaja msichana, glavu mkono mmoja:
"Samahani. Niko peke yangu. Wao thelathini na wanne."

Chumba cha tisa. Bi Eluned Pritchard,
mwepesi kama kapu tupu.
Shuka limelowa, likakauka, likalowa tena,
duara ndani ya duara;
ungehesabu saa zake kama umri wa gogo.
Ulimi umepasuka.
Jagi la maji lipo, limejaa pomoni,
upande wa mkono uliokufa kwa kiharusi.
Miwani aliyovaa ni ya mtu mwingine.

Nikaomba faili. Mwandiko mmoja, wino mmoja:
Saa nne, kanywa maji. Saa sita, kageuzwa.
Saa nane, kageuzwa, hana malalamiko.
Saa kumi na mbili asubuhi, kaamka vizuri, kamaliza chai.

Nikatazama saa yangu.
Saa kumi na dakika ishirini.

Msichana aliona nilichokiona.
Akalia, glavu bado mkononi,
na mimi niliyekuja na hasira ya kujaza nyumba nzima
sikujua niitue wapi.

Mlangoni bibi alinong'ona Kiwelisi.
"Anaomba radhi," Gethin akasema, "kwa kutuamsha."

Saa kumi na mbili ilitukuta nje ya hospitali,
gari la tisa kwenye foleni.
Nilimpa chai vuguvugu kwa kijiko.
Alikunywa vijiko vitatu.
Nikaandika: vitatu.