Swali la Saba

Mejumaa amerudi na karatasi ya shule.
Swali la saba: Taja njia nne
ambazo viumbe hutumia kuyazoea makazi yao.
Alama nne. Mistari minne mitupu,
naye ananitazama kana kwamba kitabu ni mimi.

Acha kalamu, mwanangu. Leo bamvua,
maji yamekupwa mpaka Mikindani nzima
yanuka yai viza. Vaa ndara zilizokatika,
tushuke mikokoni kabla hayajarudi.

Mtazame huyu wa gando moja:
gando kubwa kushinda kiwiliwili, jekundu,
na kijigando cha pili, kama kijiko cha dawa,
ndicho cha kulia. Lile kubwa ni la kuringia tu.
Anapunga, anapunga, kama kuli
anayeelekeza winchi kwenye meli isiyomwona.
"Anamwita nani?"
Mke.
"Na asipokuja?"
Atapunga kesho. Maji yana ratiba, naye anayo.

Yule pale si chura. Ni samaki,
kachoka kuingoja bahari imrudie,
kajifunza kutembea kwa mapezi.
Amebeba maji mashavuni kama mtu anayesukutua
akakatizwa na hodi.
Ukimsogelea, anapanda mzizi,
anakugeuzia macho yaliyokaa utosini,
ukajiona wewe ndiye mgeni.

Chaza hana miguu wala ujanja mwingi.
Anafunga mlango. Saa nenda saa rudi yumo gizani
na bahari yake ya tone moja,
hagombi, haombi.
(Nimeishi hivyo mwaka mzima
katika chumba kimoja Changamwe. Inawezekana.)

Juu yetu kunguru wanateta.
Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake;
hawa wa Mombasa hawakuwasikia wahenga.
Kiota chao kwenye mkungu wa jirani
ni hanga za nguo, nyaya za simu
na mswaki wangu wa kijani.
Msimu ule walipotegwa kwa nyama yenye sumu,
wa kwanza walikufa, wa pili walitazama,
wa tatu walikula maandazi yetu.

Babu yako Nyawa alipasua mawe Bamburi,
akaacha shimo jeupe lisilo na hata kivuli.
Ikapandwa mivinje. Majani yakaanguka, yakarundikana,
hayakuoza, wala udongo haukuzaliwa,
mpaka akaletwa jongoo.
Jongoo hakubadilika hata chembe. Alikula tu,
akatoa nyuma alichokula mbele,
na leo pale pana msitu. Wasemao mtupa jongoo
hutupa na mti wake, hawakumjua yule.

Maji yakaanza kurudi, yakitambaa kwenye nyayo zetu.
"Mama, na yule asiyeweza kuzoea?"

Sikuwa na mmoja wa kumwonyesha pale.
Nikamsimulia kasa niliyemwona Nyali
nilipokuwa zamu ya usiku, nikifua mashuka hotelini.
Alitoka majini mzito kama gunia la chumvi,
akiufuata mchanga alipozaliwa,
akakuta ukuta na taa.
Akaugusa ukuta kwa kichwa. Akazunguka. Akaugusa tena.
Alfajiri michirizi yake ilikuwa imeandikwa pwani,
kwenda, kurudi, kwenda,
na mtu wa reki akaifuta kabla wageni hawajaamka.

Karatasi imerudi leo. Mwalimu Mwachiro
ametoa alama tatu.
Kwenye mstari wa nne Mejumaa aliandika:
Kasa hukumbuka.
Umezungushiwa wino mwekundu:
Huku si kuzoea.

Mejumaa anauliza kama ni kosa.
Nakoka jiko. Kunguru mmoja
ametua dirishani, anapima kwa jicho moja
umbali baina ya mkono wangu na andazi.